Treni Haimsubiri Shangazi

Wasikilizaji wa Musoma mlioko Mwisenge na Bweri, mlioko Mwigobero mkisubiri kivuko cha Kinesi, mlioko Bunda mnaofunga maduka saa hizi, na ninyi wa Butiama na Kiabakari, karibuni tuzungumze.

Leo nataka tumsindikize mtu. Tumwite Shangazi, maana kila ukoo unaye. Anakwenda Dar es Salaam kumwona binti yake aliyejifungua. Angeweza kuwa mzee mwenye rufaa ya Muhimbili, au kijana aliyepangiwa chuo, lakini tubaki na Shangazi. Nauli anayo. Begi analo, lile kubwa la mistari ambalo mitaani wamelibatiza shangazi kaja, na ndani yake kuna dagaa, unga wa udaga na kanga za mzazi. Anwani anayo, kwa maana ya namba ya simu ya mkwewe. Asichokuwa nacho ni ujuzi wa kuzunguka ndani ya jiji lile, na ujuzi huo kwa sehemu kubwa haujaandikwa popote.

Kwanza tukumbuke tunatoka wapi. Mkoa wetu wa Mara hauna stesheni hata moja ya treni ya abiria. Si kwamba hatukuwahi kufikiriwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 walikuwa na ndoto ya kuifikisha kwenye ziwa letu hili la Victoria. Ilifika Moshi mwaka 1911, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Wenzetu wa upande wa Kenya walikwisha kuliona ziwa kwa treni tangu mwaka 1901, pale Kisumu. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Habari za reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma zimetajwa miaka nenda miaka rudi. Waliozisikia wakiwa watoto sasa wana wajukuu.

Kijana Julius Nyerere alipotoka Shule ya Mwisenge kwenda kusoma Tabora mwaka 1937, reli ya Mwanza ilikuwa na umri wa miaka tisa tu. Miaka karibu tisini imepita, na mwanafunzi wa Butiama anayetaka kupanda treni bado lazima atoke nje ya mkoa. Hata meli iliyopewa jina la kijiji hicho, MV Butiama, njia yake ni Mwanza na Ukerewe. Butiama kwenyewe hakuna bandari wala stesheni, na nadhani ni haki kuwaonea huruma kidogo watu wa Butiama kwa jambo hili.

Kwa hiyo sisi tumelelewa na magari, na magari yetu yana tabia yake. Kwetu gari linamsubiri mtu. Haisi ya Musoma kwenda Bunda inaondoka ikijaa. Ukiwa bado unafunga mzigo, konda anakuona kwa mbali, anagonga bodi, anamwambia dereva asubiri, kuna mama anakuja. Gari dogo la mchomoko hata likijaa huwa halijajaa, atapatikana tu mtu wa kubanwa pale kwenye gia. Nauli ya mzigo inazungumzwa. Mwenye msiba anasikilizwa. Msidharau, huo nao ni utaratibu, una kanuni zake, na tunazijua kwa sababu tumekulia humo. Mgeni kutoka Dar akija hapa stendi ya Bweri ndiye anayeonekana mjinga, anauliza gari linaondoka saa ngapi, watu wanamtazama.

Sasa Shangazi anapanda basi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa ishirini na nne, baada ya miaka mingi ya kulazimika kusimama usiku na abiria kulala kwenye viti shingo zikiwa upande. Basi la moja kwa moja litamshusha Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilichoanza kazi Februari 2021. Wenye kumbukumbu za kushukia stendi ya zamani ya Ubungo wazifute, maana mkwe akisema atakupokea stendi na wewe kichwani una Ubungo, mtatafutana kwa simu mpaka chaji iishe.

Lakini siku hizi kuna njia ya pili, na ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Mabasi mengi ya kwetu yanapita Singida na Dodoma. Shangazi anaweza kushuka Dodoma na kumalizia safari kwa treni ya umeme. Treni hii ya reli ya kisasa, ambayo wote tunaiita SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata, tarehe 25 Julai, ikafika Dodoma. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 Dar hadi Morogoro na 31,000 Dar hadi Dodoma. Safari inayolichukua basi karibu siku nzima ya kazi, treni inaimaliza kwa saa tatu na ushee, au nne ukipanda ile inayosimama vituo vingi.

Nimesikia watu hapa wakisema hiyo treni ni ya wasomi, eti tiketi inakatwa kwenye simu, eti kuna mageti na mashine za kukagua mizigo, mtu wa kawaida ataaibika. Mimi nasema wamekosea, tena wamekosea kwa kinyume kabisa. Katika usafiri wote atakaokutana nao Shangazi tangu atoke Bweri, hakuna ulio rahisi kwa mgeni kama huo. Sababu ni kwamba umetengenezwa kwa mtu asiyejua kitu. Jina lake limeandikwa kwenye tiketi. Namba ya behewa imeandikwa, namba ya kiti imeandikwa. Ukifika kituo fulani linatangazwa jina la kituo, kwa Kiswahili, bila mtu kuuliza. Hakuna mpiga debe wa kumnyang'anya begi. Hakuna anayemwambia kiti cha dirishani kinaongezewa pesa. Asiyejua kusoma atasomewa na mhudumu, na hakuna atakayemcheka, kwa sababu kazi ya yule mhudumu ni kuchukulia kwamba abiria hajui.

Treni inamdai mambo machache tu, na hayo haina msamaha nayo. Anatakiwa awe na kitambulisho, na jina la kwenye kitambulisho liwe ndilo lililoandikwa kwenye tiketi. Hapa wengi wetu tuna kasoro: kwenye kadi ya NIDA wewe ni mtu mwingine, ukoo wanakuita mwingine, na kijana aliyekukatia tiketi kwa simu akaandika lile la ukoo. Mpeni kijana picha ya kitambulisho, asiandike kwa kukumbuka. Pia afike mapema sana kabla ya muda, kwa kuwa mizigo inapita kwenye mashine na foleni ipo, na geti likifungwa limefungwa. Dagaa, wakiruhusiwa, wafungwe vizuri, mfuko ndani ya mfuko. Behewa lina kiyoyozi na madirisha hayafunguki, na harufu ambayo kwenye haisi ni ya nyumbani, mle ndani itakuwa ya abiria wote hadi Dar.

Kuna mtego mwingine ambao nawaomba mkae nao vizuri, kwa sababu umewaacha watu stesheni. Muda kwenye tiketi umeandikwa kwa saa za kizungu. Ikiandikwa 06:00, hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi akisoma sita atasema nina muda, ninywe chai, nipumzike, saa sita mchana si bado? Atafika stesheni akiwa ameoga, ametulia, na treni yake iko Dar tangu asubuhi. Ikiandikwa 17:15, ni saa kumi na moja na robo jioni. Mwenye kukata tiketi amwandikie pembeni kwa kalamu, kwa saa zetu. Treni haina konda wa kumwona kwa mbali. Haimsubiri Shangazi, haimsubiri mheshimiwa, na binafsi kitu hicho cha pili kinanifurahisha.

Niseme neno kidogo pia juu ya treni ile ya zamani, ya reli ya mita, kutoka Mwanza. Wapo wanaoipenda hadi leo, na nawaelewa. Mwanza hadi Dar ni kilomita 1,200 na zaidi, unalala njiani, unaiona nchi. Tabora unaletewa asali dirishani. Saranda, kule Manyoni, ni kuku. Mtu mwenye muda na mwenye mizigo mingi haoni shida. Mgonjwa wa rufaa asiipande.

Tumrudie Shangazi, tuseme yumo kwenye SGR, anakaribia Dar es Salaam. Hapa nina siri ya kuwapa watu wa Mara, na sijui kwa nini haisemwi zaidi. Ndugu zetu wengi kule wanaishi upande wa Gongo la Mboto, Ukonga, Kitunda na Kivule. Treni zisizo za haraka, zile zinazosimama vituo vya kati, husimama Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu kabla ya kuingia mjini. Pugu iko jirani na Gongo la Mboto. Mtu wa Ukonga anayekwenda hadi stesheni kubwa ya katikati ya jiji anapita nyuma ya nyumba ya mwenyeji wake, anakwenda mjini, halafu anapanda daladala kurudi alikotoka, kwenye foleni ya magari ya jioni. Kabla hujakata tiketi, muulize mwenyeji wako kitu kimoja: Pugu na mjini, wapi karibu na kwako? Akisema Pugu, chagua treni inayosimama Pugu.

Akishafika mjini, Shangazi anatoka kwenye jengo lile la kisasa, anavuka mlango, na hapo ndipo dunia inapobadilika. Ndani aliambiwa kila kitu. Nje haambiwi kitu, ila na mwenye teksi na mwenye bodaboda, ambao wote wanamwita mama na wote wana bei.

Daladala za Dar es Salaam zimetengenezwa kwa mtu anayejua tayari. Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlishike jioni hii. Ubavuni zimeandikwa mwanzo na mwisho wa njia, Mbagala hadi Kariakoo, Gongo la Mboto hadi Makumbusho, na zina mistari ya rangi kulingana na njia. Kwa mwenyeji inatosha. Mgeni anataka kushuka katikati, na katikati hapajaandikwa. Na hata akiambiwa jina la kituo, majina yenyewe ni mtihani. Kuna Buguruni Sheli. Kuna Mtoni kwa Aziz Ali, Mwananyamala kwa Kopa, Sinza Afrika Sana, Sinza Kijiweni, Manzese Argentina. Kuna Posta Mpya na Posta ya Zamani, na ole wako ukishuka moja wakati mtu anakusubiri nyingine. Jiji limejipa majina kwa kumbukumbu: ya baa, ya kituo cha mafuta, ya mtu aliyejenga nyumba pale zamani. Mwenye kumbukumbu hizo anasafiri kwa raha. Asiyekuwa nazo anapitishwa.

Mtu wa Butiama atafurahi kuliona jina la mzee wetu kila kona. Uwanja wa ndege ni Julius Nyerere. Barabara ya kutoka mjini kwenda huko ni Nyerere, wazee waliijua kama barabara ya Pugu. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016 ni Nyerere. Furaha hiyo haitamwonyesha daladala ya Kitunda inasimama wapi.

Afanyeje basi? Aulize. Mtasema hilo nani asiyelijua. Lakini tazameni kinachotokea. Mtu wa mkoani akifika Dar anaona aibu kuuliza. Anaogopa kuitwa mshamba, anaogopa kutambuliwa kwa matamshi yake na kuibiwa. Anatembea kama anayejua anakokwenda, na anapotea kwa heshima. Aibu hiyo ina bei, na bei yake ni teksi. Nimewahi kumsikia mtu akisimulia kwa kujivuna kwamba hakumuuliza mtu yeyote tangu Mbezi hadi Temeke, na nauli aliyoitaja ingeleta mbuzi.

Kuuliza kwenyewe kuna ufundi. Usimuulize mpiga debe, kwa sababu yeye ana gari la kujaza na kila unakokwenda gari lake linapita. Usimuulize mtu mmoja. Muulize mama anayeuza matunda kituoni, ambaye yuko pale tangu asubuhi na magari yote anayajua. Muulize mwanafunzi mwenye sare, kwa kuwa hupanda njia hiyohiyo kila siku. Wakikujibu sawa wote wawili, panda. Ukishapanda, mwambie konda unakoshukia wakati unalipa nauli, halafu, na hili ndilo watu wanalosahau, mwambie pia jirani yako wa kiti. Konda ana watu arobaini na chenji mkononi, atasahau. Jirani hatasahau. Watu wa Dar wana maneno mengi, lakini ukimkabidhi mtu jukumu la kukuonyesha kituo analichukulia kama amana, atakusukuma bega kabla hamjafika: mama, kinachofuata ni chako, jisogeze mlangoni.

Nauli usiibishanie bila kujua. Hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wala si na konda, na konda haruhusiwi kuipandisha kwa sababu mvua imenyesha. Wasikilizaji wa Tarime na Sirari mnaovuka kwenda Nairobi mnajua kule mambo ni tofauti: matatu hupandisha nauli mvua ikianguka na jioni watu wakitoka kazini, na ukiuliza kwa nini unaonekana umetoka mbali. Kwa hilo Dar imetushinda sote kwa ustaarabu.

Na wakati wa kushuka, shusha sauti ya aibu na upandishe ile ya kawaida. Sisi watu wa Mara tunasemwa kwamba tunaongea kama tunagombana. Kwenye kosta iliyojaa, muziki juu, hiyo ni neema. Mtu wa pwani ananong'ona "shusha" mara tatu anapitishwa. Mwanamke wa Kikurya akisema "SHUSHA" mara moja, dereva anakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Mabasi ya mwendokasi yako katikati ya hizi dunia mbili. Yalianza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa barabara ya Morogoro, na matawi ya Gerezani pale Kariakoo na ya Morocco kule Kinondoni, jumla kilomita 21 hivi za njia yao wenyewe isiyoingiliwa na magari mengine. Kwenye karatasi ni usafiri wa mgeni kabisa: vituo vina majina makubwa, nauli inalipwa kabla ya kupanda, basi linasimama usawa wa sakafu kiasi kwamba mwenye mtoto mgongoni hapandi ngazi. Anayeshuka Mbezi akipata gari la kumfikisha Kimara amekwisha kuingia kwenye mfumo huo.

Lakini kuna saa ambazo karatasi haisomeki. Nenda Kimara saa moja asubuhi, au Gerezani saa kumi na moja jioni. Foleni haipo, ipo nguvu. Watu hawapandi, wanabebwa. Mgeni mwenye begi la mistari hana lake pale. Shangazi akae pembeni na chai yake, apande kuanzia saa nne asubuhi, atakuta viti. Kosa la pili la mgeni ni kudhani kila basi linaloingia kituoni linakwenda anakokwenda yeye. Njia zinagawanyika Magomeni, ya Morocco inaondoka, na mbele pale Fire ya Gerezani inaondoka. Kibao kiko juu ya kioo cha mbele, na basi likishasimama huwezi kukiona tena. Kwa hiyo hata huku unarudi kulekule, kumuuliza aliye karibu nawe: hili la Gerezani au la Kivukoni? Tena kama ni masika na mvua imenyesha usiku, uliza kwanza kama Jangwani panapitika. Bonde lile likijaa maji, njia ya Morogoro inakatika vipande viwili na mwendokasi wote unakuwa wa upande mmoja.

Ziko awamu nyingine. Ya Mbagala ni ya pili. Ya tatu ni ya barabara ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2022, na hiyo kwetu ndiyo ya maana kuliko zote kwa sababu niliyokwisha kuitaja ya ndugu zetu wanakoishi. Mwaka 2012 kulianzishwa pia treni ya mjini, iliyokwenda Ubungo na baadaye Pugu, wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Watanzania tukipenda kitu tunakipa jina la mtu, nacho kikiharibika tunajua wa kumuuliza.

Sasa, ni lazima njia za jiji ziendelee kujulikana kwa mdomo tu? Kule London, mwaka 1933, walichapisha ramani ya treni za chini ya ardhi iliyochorwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme. Aliacha umbali halisi, akabakiza mistari iliyonyooka, rangi na majina ya vituo. Mtu asiyejua Kiingereza anaweza kuvuka jiji lile kwa kufuata rangi kwa kidole. Msiniambie wale ni Wazungu. Hapa jirani, Nairobi, jiji ambalo vijana wetu wa Tarime wanakwenda na kurudi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na vyuo vya Marekani walipanda matatu na simu mikononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya matatu za jiji zima. Njia zilezile za fujo, magari yaleyale ya muziki, zikachorwa kwa rangi kama za London. Fujo haikuwa fujo. Ilikuwa utaratibu ambao hakuna aliyekaa akauandika.

Dar es Salaam, jiji la mamilioni ya watu na la wageni kila siku, inastahili ramani ya namna hiyo iliyobandikwa ukutani pale Mbezi Luis na pale nje ya stesheni ya SGR, kubwa, ya Kiswahili, yenye Buguruni Sheli na kwa Aziz Ali zimeandikwa kama watu wanavyoziita. Gharama yake ni rangi na ukuta. Fedha iliyojenga reli haiwezi kushindwa na rangi.

Na kabla hatujawacheka sana watu wa Dar, mtu akitoka Dar kuja kuona kaburi la Mwalimu na makumbusho yake Butiama, anaambiwa na nani apande gari gani? Anayekwenda Ukerewe kupitia Bunda, anajuaje kwamba magari ya Kisorya, kunako kivuko cha kwenda Rugezi, si haya ya barabara kuu? Kwa mdomo, kama kawaida. Halmashauri zetu zina mafundi wa mabango, nawaona kila uchaguzi.

Jambo la mwisho ni la Mwanza. Mnajua kwamba kipande cha reli ya kisasa cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi pale Fela, Misungwi, Juni 2021. Kazi hii ina safari ndefu, na vipande vya kuiunganisha na Tabora na Dodoma navyo viko kwenye ujenzi. Siku itakapokamilika, Shangazi hatapanda basi hadi Dodoma tena. Atakuwa na safari ya saa chache hadi Mwanza, halafu treni. Wengi mnaifurahia siku hiyo kama vile reli imefika Bunda. Haijafika Bunda. Kati ya kiti chake cha haisi na kiti chake cha treni kutakuwa na Nyamhongolo, ambako mabasi ya upande wetu yanaishia, na kutoka Nyamhongolo hadi stesheni kutakuwa na bodaboda, begi la mistari na geti linalofungwa. Haisi inayoondoka ikijaa haiwezi kumfikisha mtu kwenye treni inayoondoka kwa dakika.

Mtu fulani itabidi aanzishe gari la Musoma na Bunda linaloondoka kwa saa, lijae lisijae, liingie moja kwa moja stesheni. Na treni ikishusha watu Mwanza saa tisa usiku, mtu fulani awe amepaki nje na kibao kimeandikwa Bunda, Kiabakari, Musoma. Wenye magari mnaonisikiliza, faida yake mnaipigaje hesabu? Gari nusu tupu siku za mwanzo, nani atabeba hasara hiyo, ninyi, LATRA, au halmashauri? Simu za studio ziko wazi. Tuanze na aliyeko Bweri, naona tayari yuko hewani.